Joto la Mguu na Ukweli wa Tabibu

Tabibu ana madeni mawili kwa mgonjwa wake. Deni la kwanza ni kumwondolea maumivu kwa kadiri ya uwezo wake; deni la pili ni kumwambia kweli juu ya jambo alilomfanyia. Siku nyingi madeni haya hulipwa kwa sarafu moja: mfupa uliovunjika huungwa, mgonjwa huambiwa kuwa umeungwa, naye huondoka akitembea. Lakini ziko siku ambapo madeni hayo huachana njia. Dawa hutuliza pasipo kuponya. Mgonjwa hufurahi kwa jambo ambalo tabibu anajua kuwa silo. Na ulimi wa tabibu huwa mzito, kwa maana kusema yote ni kama kumnyang'anya mtu furaha yake, na kunyamaza ni kama kumwibia. Swali la insha hii, basi, ni hili: Je, tabibu aletaye faraja bila ya ponyo ametenda wema, au ameuza kivuli kwa bei ya mti?

Swali la namna hii likizungumzwa hewani hupotea upesi kama moshi. Yafaa lifungwe katika jambo moja lijulikanalo, lipate mahali pa kusimama. Jambo lililochaguliwa hapa ni upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ya kiunoni kwa ajili ya maradhi ya miguu, ambao matabibu huuita simpathektomia ya kiuno. Katika upasuaji huo faraja na ponyo zimekaribiana mno hata watu wenye elimu kubwa walizidhania kuwa kitu kimoja kwa muda wa miaka mingi.

Katika mwili wa binadamu iko mishipa ya fahamu isiyongoja amri ya nia. Mtu huweza kuinua mkono wake apendapo, lakini hawezi kuuamuru moyo upige polepole wala kuikataza ngozi isitoe jasho. Kazi hizo zina watumishi wake. Minyororo miwili ya watumishi hao imelala kandokando ya uti wa mgongo, mmoja kuume na mmoja kushoto, na kila mnyororo una mafundo kama tasbihi. Kutoka katika mafundo ya kiunoni hushuka nyuzi ziendazo miguuni. Nyuzi hizo huamuru misuli myembamba iliyozunguka mishipa ya damu ikaze. Nayo ikikaza, njia ya damu husonga na ngozi hupoa. Huamuru vile vile jasho la nyayo. Mpasuaji akiyaondoa mafundo hayo, amri hukoma. Mishipa midogo ya ngozi hulegea, damu huijaza, na mguu uliokuwa wa baridi na unyevu huwa wa joto na mkavu. Jambo hili halina shaka. Hata mtu asiyejua kusoma akiugusa mguu huo hulishuhudia.

Elimu hii haikuja kwa siku moja, wala haikuja kwa njia iliyonyoka. Mwaka 1851 Claude Bernard, bingwa wa Ufaransa wa elimu ya kazi za mwili, alikata mshipa wa namna hii shingoni mwa sungura. Alitazamia kuwa sikio la mnyama yule litapoa. Badala yake likapata joto. Mwishoni mwa karne ile Mathieu Jaboulay wa Lyon akaanza kuzivua nyuzi hizo kutoka katika mishipa ya damu ya mguu, akitumaini kuutibu. René Leriche akaifuata njia hiyo, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza ya dunia akaitumia kwa askari ambao mishipa yao ya fahamu ilijeruhiwa na risasi, wakawa na maumivu yanayochoma kama moto. Huko Sydney katika Australia, Norman Royle na John Hunter walikata nyuzi za mafundo hayo kwa nia nyingine kabisa: walitaka kulegeza viungo vilivyokakamaa kwa kupooza. Hunter alifariki London mwezi wa Desemba 1924, naye hajafikisha umri wa miaka 27. Fikira yao juu ya kukakamaa haikusimama mbele ya majaribio ya waliowafuata. Lakini miguu ya wagonjwa wao ilikuwa imepata joto, na joto hilo likaonwa. Mwaka ule ule wa 1924 Julio Diez wa Buenos Aires aliwapasua wagonjwa wa mishipa ya damu kwa kuyaondoa mafundo ya kiunoni, na mwaka 1925 Alfred Adson wa Mayo Clinic katika Marekani akafanya hivyo kwa mgonjwa ambaye vidole vyake viligeuka rangi kwa baridi.

Hapa pana fundisho la kwanza. Bernard alitafuta baridi akapata joto. Royle na Hunter walitafuta wepesi wa misuli wakapata joto. Joto lilikuja bila kualikwa, likakaribishwa sebuleni, na baada ya muda likapewa ufunguo wa nyumba. Kwa sababu mguu unaokufa ni baridi, na mguu ulio hai ni wa moto, ilionekana kuwa ni kweli iliyo wazi kwamba kuupa mguu joto ni kuupa uhai. Lakini baridi ya mguu unaokufa ni dalili ya kufa kwake, siyo sababu. Mtu akiwasha taa katika nyumba ya maiti, nyumba hung'aa, maiti haamki.

Mgonjwa mashuhuri kupita wote wa upasuaji huu alikuwa mfalme. Katika mwaka 1948 Mfalme George wa Sita wa Uingereza alipata ganzi na maumivu ya miguu. Mwezi wa Novemba madaktari wake, pamoja na Profesa James Learmonth wa Edinburgh, walikuta kuwa mishipa ya damu imeharibika, na kwamba mguu wa kulia ulikuwa katika hatari ya kukatwa. Safari yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Alilazwa kitandani apumzike, na katika mapumziko yale hatari ya kuoza kwa mguu ikapungua. Kisha tarehe 12 Machi 1949, katika jumba la Buckingham, ambamo chumba kimoja kilitengenezwa kuwa chumba cha upasuaji, Learmonth akayaondoa mafundo ya fahamu ya kiunoni upande wa kulia. Mfalme akapona jeraha, akarudi kazini kwa kiasi, na akampa mpasuaji wake cheo cha heshima kwa upanga begani, kama ilivyo desturi ya nchi ile.

Mguu haukukatwa. Yeyote aliyeyaona hayo angesema kuwa upasuaji uliuokoa. Lakini mwenye kupima maneno kwa mizani ndogo ataona kuwa mambo manne yalitangulia kukatwa kwa mafundo yale: mapumziko marefu, kitanda, uangalizi wa kila siku, na kupungua kwa hatari yenyewe kabla ya kisu kuingia. Ni lipi katika hayo lililostahili upanga wa heshima? Hakuna ajuaye, kwa sababu mfalme ni mmoja, na mguu wake wa kulia ni mmoja. Hapakuwa na mfalme wa pili wa kuachwa bila kupasuliwa ili walinganishwe. Jambo lililofuata jambo si lazima kuwa limezaliwa nalo. Jogoo huwika, kisha kukapambazuka. Na hata jogoo akichinjwa kutapambazuka.

Ugumu huu haukuwa wa mfalme peke yake. Kwa miaka mingi upasuaji huu ulifanyiwa watu wengi katika nchi nyingi, na kila mpasuaji alikuwa na hadithi za wagonjwa wake walioshukuru. Hadithi hizo hazikuwa za uongo. Lakini shukrani ya mgonjwa hushuhudia hali yake, haishuhudii sababu ya hali hiyo. Mfano wa jirani utasaidia kulieleza neno hili. Wakati huo walikuwako wapasuaji waliofunga mshipa mdogo wa damu wa kifuani ili kutibu maumivu ya moyo, na wagonjwa wengi wakasema wamepata nafuu. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake katika Marekani waliwagawa wagonjwa 17 mafungu mawili: wote walichanjwa ngozi ya kifua, lakini wengine mishipa yao ilifungwa na wengine haikufungwa. Nafuu ikawa sawa kwa mafungu yote mawili. Upasuaji ule ukaachwa. Ilidhihirika kuwa chale, kitanda cha hospitali, uso wa daktari mwenye matumaini, na imani ya mgonjwa ni dawa yenye nguvu, na kwamba nguvu hiyo huweza kuvaa kanzu ya kisu ikajiita kisu.

Hapo huzuka swali lenye miiba. Ikiwa kweli haipatikani ila kwa kumchanja mtu pasipo kumtibu, je, ni halali kuitafuta kweli kwa njia hiyo? Wako wanaosema kuwa mtu si ubao wa kuandikia hesabu. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini na wajibu swali jingine: je, ni halali kuwachanja maelfu kwa jambo lisilojulikana kama linafaa, kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuwachanja wachache ili lijulikane? Asiyetaka kumdanganya mmoja kwa ridhaa yake huishia kuwadanganya wengi bila ya ridhaa yao, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kudanganyika. Jibu la haki laonekana kuwa katika ridhaa. Mtu akiambiwa wazi kuwa huenda akawa katika fungu hili au lile, akakubali kwa hiari yake, basi hakufanywa ubao. Amefanywa mshiriki wa elimu. Asipoambiwa, hata kama jaribio litaleta manufaa kwa watu wote, yeye amedhulumiwa.

Sasa yafaa kuitazama hesabu ya upasuaji wenyewe kama ijulikanavyo leo. Katika mguu ambao mishipa yake mikubwa imezibwa kwa mafuta na chokaa, kukata mafundo ya fahamu hakuzibui kitu. Mshipa uliokuwa mgumu kama bomba la udongo hauwezi kutii amri ya kulegea, kwa sababu haukuwa umekaza kwa amri. Damu inayoongezeka huenda zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye misuli. Kwa hiyo mtu ambaye ndama wa mguu wake humuuma akienda hatua mia, na kumwacha akisimama, aghalabu hubaki na hatua zake zile zile mia. Joto lenyewe hupungua baada ya muda, kwa kuwa mwili hutafuta njia nyingine za kukaza mishipa. Kwa wengi wenye kisukari upasuaji hauna hata joto la kuleta, kwa maana ugonjwa umekwisha ziua nyuzi zile zile ambazo kisu kingezikata. Mguu wao ni wa moto na mkavu tayari, na bado unaoza. Majaribio ya haki juu ya upasuaji huu ni machache, nayo hayakuthibitisha kuwa unaunusuru mguu usikatwe.

Tena una gharama yake. Baada ya wiki moja au mbili baadhi ya wagonjwa hupata maumivu ya paja yanayokaa majuma kadhaa. Mwanamume akiondolewa mafundo ya juu ya pande zote mbili huweza kupoteza uwezo wa kutoa mbegu zake, na kwa kijana anayetaka watoto hilo si jambo dogo. Juu ya yote, kilichokatwa hakirudi. Mafundo yale hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa yakitumika kwa uaminifu tangu mtu azaliwe. Yalitolewa mhanga kwa kosa la jirani yao, yaani mshipa wa damu. Kuharibu kilicho kizima kwa ajili ya kilicho kigonjwa si dhambi kwa kila hali, maana udaktari wa kisu hauna budi kufanya hivyo mara nyingi. Hata ngozi nzima hukatwa ili jipu lifikiwe. Lakini kila mhanga hudai sababu, na sababu hiyo yapasa iwe nzito kadiri ya kile kilichotolewa.

Kama mambo yangeishia hapa hukumu ingekuwa rahisi: upasuaji huu ungetupwa pamoja na dawa nyingine za kale zilizotupwa. Lakini haki hutaka upande wa pili nao usikilizwe. Na amfikirie msomaji mtu ambaye mishipa ya mguu wake imezibwa kiasi kwamba hakuna mpasuaji awezaye kuizibua wala kuiwekea njia ya kando. Usiku hapati usingizi. Akilala na mguu ukawa juu ya kitanda, maumivu huja kama jino bovu; huutelemsha mguu uning'inie, damu ishuke kwa uzito wake, apate usingizi wa robo saa akiwa ameketi. Hali hii hudumu miezi. Mtu huyu akidungwa kiunoni sindano ya fenoli iuayo nyuzi zile, kama ifanywavyo siku hizi mahali pa kisu, baadhi ya watu wa namna yake huweza kulala. Mguu wao haukupona. Pengine utakatwa baadaye. Lakini walilala. Ni nani aliyeshiba usingizi atakayesema kuwa usingizi wa mtu huyo si kitu? Wahenga walisema, bora nusu shari kuliko shari kamili.

Na tena iko miguu ambayo ugonjwa wake u ndani ya amri yenyewe. Wako watu ambao nyayo zao hutoa jasho la kutiririka, hata viatu huoza na ngozi huchubuka. Hapo mafundo ya fahamu ndiyo yaliyovuka mpaka, na kuyakata ni kuukata ugonjwa katika shina lake. Tendo ni lile lile moja, mkono ni ule ule, kisu ni kile kile. Lakini kwa mguu wa jasho ni ponyo, kwa mguu wenye maumivu yasiyo na dawa huweza kuwa faraja, na kwa mguu wa hatua mia ni bure. Kwa hiyo wema au ubaya haukai katika kisu. Unakaa katika jina ambalo tendo lilipewa kabla ya kutendwa. Aitaye faraja kuwa faraja ametoa sadaka. Aitaye faraja kuwa ponyo ameuza, na amepunja katika mizani.

Patakuwa na mtu wa kusema kuwa jina ni upepo. Kwamba mgonjwa akipata nafuu haimdhuru kuiita kwa jina lolote. Hoja hii ina utamu, lakini haina mifupa. Jina huamuru matendo yanayofuata. Mtu aliyeambiwa kuwa mguu wake umepona hurudia mwenendo wake wa zamani. Aliyeambiwa kuwa mguu wake umetulizwa tu, na kwamba adui angali mlangoni, hukesha. Na katika maradhi haya adui anajulikana. Mwaka 1908 Leo Buerger wa New York aliandika juu ya ugonjwa wa mishipa ya damu unaokata miguu ya vijana, ambao leo huitwa kwa jina lake. Nao huwapata wavutaji wa tumbaku, na dawa yake iliyo ya hakika ni kuiacha tumbaku kabisa. Mishipa ya watu wazima iliyojaa mafuta nayo huharibiwa zaidi na tumbaku, pamoja na kisukari na shinikizo la damu. Mwenye kukatwa mafundo ya kiuno huku ameshika sigara mkononi ni kama mtu anayeteka maji kwa mtungi uliotoboka, akabadilisha kata badala ya kuziba tundu. Tabibu aliyempa joto la mguu akamnyima neno la sigara amemtuliza ili afe kwa raha.

Mfalme George alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Kisu cha mwaka 1949 hakikugusa jambo hilo. Tarehe 23 Septemba 1951 alipasuliwa tena, akaondolewa pafu la kushoto kwa sababu ya saratani. Waandishi wa maisha yake husimulia kuwa yeye mwenyewe hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Umma nao uliambiwa kuwa pafu limepata mabadiliko ya umbo tu. Tarehe 6 Februari 1952 alikutwa amefariki kitandani huko Sandringham, moyo wake ukiwa umezibwa na damu iliyoganda, naye ana umri wa miaka 56. Binti yake, Elizabeth, alikuwa Kenya siku ile. Usiku aliulala katika nyumba ya mtini ya Treetops karibu na Nyeri akitazama wanyama, na habari ilimkuta Sagana chini ya Mlima Kenya. Alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia, naye hajui.

Katika habari hii mna siri mbili ambazo zafaa kupambanuliwa, kwa maana watu wengi huzichanganya. Siri ya kwanza ni ya mwaka 1948. Ugonjwa wa mguu ulipogunduliwa, Elizabeth alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 14 Novemba. Na mfalme akaagiza kwamba binti yake asiambiwe mpaka amejifungua. Siri ya pili ni ya mwaka 1951, ambapo mfalme mwenyewe hakuambiwa alichokuwa nacho kifuani. Zote mbili zilifanywa kwa huruma. Zote mbili zilimkinga mtu na hofu. Lakini haziko sawa hata kidogo. Katika siri ya kwanza mwenye ugonjwa ndiye aliyeficha ugonjwa wake; alikuwa na mali, akachagua wakati wa kuionyesha. Katika siri ya pili mwenye ugonjwa ndiye aliyefichwa. Mali yake ilishikwa na wengine, nao wakachagua kwa niaba yake kwamba haifai kuiona. Wa kwanza alitumia haki yake. Wa pili walichukua haki isiyokuwa yao, ingawa waliichukua kwa mikono laini.

Yaweza kusemwa kwa kuwatetea kuwa hiyo ilikuwa desturi ya zama zile, na kwamba madaktari wengi wa nchi nyingi walitenda vivyo hivyo. Ni kweli, nayo hupunguza lawama. Lakini haigeuzi jambo. Wahenga wa pwani walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Walimkusudia mgonjwa anayejificha. Methali hiyo ina makali zaidi ikielekezwa kwa tabibu anayemficha mgonjwa, kwa sababu mgonjwa ajifichaye hujidhuru mwenyewe, na tabibu afichaye humdhuru mwenziwe aliyemwamini. Mtu asiyejua kuwa siku zake zinahesabika hawezi kuzihesabu. Hawezi kusamehe aliyetaka kumsamehe, wala kulipa, wala kuaga.

Basi kuna neno gani la haki kwa wale waliokata mafundo ya kiuno miaka ile yote? Haifai kuwacheka. Walikuwa na mguu unaooza mbele yao na msumeno mkononi, na kati ya viwili hivyo hapakuwa na kitu kingine. Njia nyingine zilikuja kidogo kidogo: mwaka 1948 Jean Kunlin wa Ufaransa, aliyefanya kazi pamoja na Leriche, alitumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe kuipitisha damu kando ya mahali palipozibwa, na mwaka 1964 Charles Dotter huko Portland, Marekani, aliupanua mshipa wa mguu wa mwanamke wa miaka 82 kwa kupitisha mrija ndani yake, baada ya mwanamke huyo kukataa kukatwa mguu. Njia hizo huirudisha damu yenyewe. Zilipoimarika, upasuaji wa mafundo ukarudi nyuma, na leo umebaki na mahali padogo: kwa maumivu yasiyo na njia nyingine, kwa baadhi ya wagonjwa wa Buerger, na kwa jasho lililopita kiasi. Mtu hulaumiwa kwa kufanya asilolijua pale tu alipoweza kulijua na akakataa. Waliotenda kwa upungufu wa zama zao wana udhuru; wanaoendelea kutenda baada ya nuru kuwaka hawana.

Na lawama hiyo, ikichunguzwa, haiwahusu wapasuaji peke yao. Kila kazi ina joto lake linalofanana na uzima. Mwalimu huweza kumfanya mwanafunzi apende somo na asijue kitu. Mtawala huweza kuupaka mji rangi na visima vikabaki vikavu. Mwandishi huweza kumliza msomaji na asimwambie neno la kweli. Kila mmoja wao huweza kuonyesha ushahidi wa kugusika, na kila ushahidi ni wa kweli kwa kadiri yake: mwanafunzi anatabasamu, mji unang'aa, msomaji analia, mguu una joto. Kosa huanza pale ambapo lile linalogusika hutolewa mahali pa lile lililoahidiwa.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzo, kwa hiyo, ni la masharti, kama yalivyo majibu mengi ya haki. Tabibu aletaye faraja bila ya ponyo ametenda wema mkubwa, kwa masharti matatu. Awe ametafuta kwanza ponyo akalikosa. Gharama ya faraja isizidi faraja yenyewe. Na mgonjwa awe amejua, kwa maneno mepesi na kabla ya kisu wala sindano, kwamba anachopewa ni faraja. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa upesi, kwa sababu halihitaji chombo chochote wala ada yoyote, linahitaji kiti kando ya kitanda, na mtu wa kuketi juu yake na kusema: Mguu wako utapata joto, usiku pengine utalala, ugonjwa ungalipo. Mgonjwa akiyasikia hayo akakubali, hata joto la miezi michache ni lake kwa haki, na hakuna awezaye kusema kuwa aliuziwa kivuli.